Majivu ya makaa ya mawe: kwa nini watu wanakataa dampo

Baada ya ile posti ya umeme wa makaa ya mawe, mdau mmoja ambaye hakuweka jina alitupia swali kwenye maoni ambalo limenisumbua wiki nzima. Nafupisha: mama zetu wanasugulia masufuria kwa majivu, wanamwaga kwenye migomba, kijijini yanatupwa chooni kuua harufu, na mpaka leo tupo hai. Sasa hao Wamarekani wanaandamana na kwenda mahakamani eti hawataki dampo la majivu karibu na nyumba zao. Wamekosa kazi?

Swali la haki kabisa, na wengi wanalo ila wanaona aibu kuuliza. Nimesoma mpaka bando limekata mara mbili. Posti ni ndefu, kaeni na chai.

MAJIVU HAYA SIO YALE

Kuni na mkaa wa gunia ni miti. Makaa ya mawe ni mwamba unaochimbwa ardhini, mimea ya zamani iliyogandamizwa kwa mamilioni ya miaka, na ndani yake kuna madini ya kila aina: aseniki, risasi, zebaki, kromiamu, seleniamu, kadimiamu. Kwenye jiwe lenyewe kiasi ni kidogo sana. Lakini ukilichoma, kinachoungua na kwenda zake ni kaboni. Madini mengi hayaungui, yanabaki kwenye majivu. Ni kama supu ukiichemsha mpaka ikauke: chumvi ni ileile, ila sasa yote ipo kwenye kijiko kimoja. Kemia yangu iliishia fomu foo lakini hili hata mwalimu wangu angelikubali.

Halafu sehemu kubwa ya majivu hayo ni laini kuliko unga wa ngano. Zamani yalikuwa yanatoka na moshi juu ya bomba na kuangukia watu. Serikali zikabana, makampuni yakaweka chujio kwenye mabomba, hewa ikawa safi zaidi. Safi! Lakini kilichonaswa kwenye chujio lazima kiende mahali. Kwa hiyo kadiri bomba linavyokuwa safi, ndivyo rundo la chini linavyokua. Watu wengi hawalifikirii hili, wanaona bomba halitoi moshi mweusi wanadhani mambo yameisha.

Na sio rundo la jikoni. Mwaka 2012 vituo vya umeme vya Marekani vilizalisha tani milioni 110 hivi za majivu na masalia yake. Chukua Fuso la tani 10, hizo ni safari milioni 11 kwa mwaka mmoja. Sehemu yake inatumika kutengeneza zege, saruji na mbao za jasi, na hiyo ni kazi nzuri. Yaliyobaki yanatupwa.

Kwa miaka mingi njia rahisi ilikuwa kuyachanganya na maji, kuyasukuma kwa bomba mpaka kwenye bwawa lililochimbwa kando ya kituo, basi. Vituo hivi vinahitaji maji mengi kwa hiyo vingi vimejengwa kando ya mto au ziwa. Ndiyo kusema mabwawa nayo yapo kando ya mto, mengi yakiwa hayana kitu chochote chini cha kuzuia maji yasipenye. Maji yakikaa na majivu miaka thelathini, yanachota yale madini polepole na kushuka nayo ardhini. Hakuna anayeona. Tope hili halikuui kwa kulishika leo. Shida yake ni kisima unachokunywa miaka ishirini, na vumbi unalovuta kila siku.

USIKU WA KINGSTON

Tarehe 22 Desemba 2008, kabla ya saa saba usiku, tuta la bwawa la majivu kwenye kituo cha Kingston, jimbo la Tennessee, lilibomoka. Kituo ni cha TVA, shirika la umma la serikali kuu ya Marekani. Zikamwagika zaidi ya mita za ujazo milioni 4 za tope la kijivu. Lilifunika ekari 300 hivi, likaingia mto Emory, likasukuma nyumba na kuharibu tatu kabisa. Usiku ule hakufa mtu, ni bahati tu.

Picha zake mnaweza kuzitafuta. Ni kama mwezi umeanguka kijijini.

Sasa hapa ndipo hadithi ya dampo inapoanza. Kila mtu alikubali kwamba majivu yatoke mtoni. Hakuna aliyebisha. Swali likawa yapelekwe wapi? Julai 2009 EPA, yaani shirika la hifadhi ya mazingira la Marekani, likakubali mpango wa TVA: yapakiwe kwenye treni, yasafirishwe kilomita kama 480 hivi (sawa na Dar mpaka Dodoma) hadi dampo linaloitwa Arrowhead, karibu na mji mdogo wa Uniontown, kaunti ya Perry, jimbo la Alabama. Mpaka Desemba 2010 tani kama milioni 4 zilikuwa zimefika.

Eneo la Kingston wakazi wengi ni wazungu. Kaunti ya Perry ni moja ya kaunti maskini zaidi Alabama na karibu watu 7 katika 10 ni weusi. Uniontown yenyewe ni kama 9 katika 10. Kaunti hiyo ndiyo alikozaliwa Coretta Scott King, mke wa Martin Luther King. Na Februari 1965, mjini Marion, makao makuu ya kaunti hiyohiyo, polisi alimpiga risasi Jimmie Lee Jackson, kifo kilichosababisha maandamano ya Selma. Nayataja haya kwa sababu watu wa pale hawakuanza kudai haki kwenye dampo, wana historia nayo.

LAKINI DAMPO SI NI BORA KULIKO BWAWA?

Ndiyo, na hapa nataka tuwe wakweli maana nimeona blogu nyingi zinaruka hili. Dampo la kisasa sio shimo. Chini wanashindilia udongo wa mfinyanzi, juu yake wanatandika plastiki nene iliyounganishwa kwa joto, halafu mabomba ya kukusanya maji yanayochuruzika kutoka kwenye taka ili yapelekwe kusafishwa. Majivu yanaingia yakiwa na unyevu kidogo tu, yanashindiliwa, yanafunikwa. Arrowhead ilikuwa na hayo, tena imekaa juu ya tabaka nene la mwamba wa chokaa, na EPA ilisema hizo ndizo sababu za kuichagua. Kwa uhandisi peke yake, majivu kwenye dampo lenye plastiki ni salama kuliko majivu kwenye bwawa lisilo na kitu, kando ya mto. Hata wanamazingira wanaodai mabwawa yafukuliwe wanajua kwamba yakifukuliwa yanakwenda kwenye dampo.

Sasa kwa nini ugomvi?

Kwa sababu uhandisi unajibu swali la plastiki, haujibu swali la nani. Dampo la Arrowhead lilianza kupokea taka mwaka 2007, na leseni yake ni ya kutisha: tani 15,000 kwa siku, kutoka majimbo 33. Mji wenye watu elfu mbili na kitu! Wakati treni za majivu zinaanza kuja, wakazi walikuwa tayari wanahangaika na mfumo wa majitaka unaofurika. Nyumba zilizo mkabala na dampo ni za watu waliorithi viwanja toka kwa babu zao, wengine babu hao walinunua ardhi ileile waliyokuwa wakiilima kama vibarua. Mtu huyo unamwambia ahame? Atamuuzia nani nyumba inayotazama mlima wa majivu?

Wakazi walilalamika harufu ya mayai viza, vumbi juu ya magari na vibaraza, macho kuwasha, kichwa kuuma. Kuna pia makaburi ya zamani ya watu weusi, New Hope, yaliyopakana na dampo, na watu walisema yameguswa na mashine. Mdau uliyeuliza, hebu fikiria makaburi ya kwenu.

Upande wa pili kulikuwa na pesa. Kaunti ililipwa dola 1 na senti kidogo kwa kila tani, jumla ikapita dola milioni 3. Kwa kaunti maskini hizo ni fedha za shule na barabara, na makamishna waliolitetea dampo, wakiwemo weusi wenzao, walilisema hilo wazi. Siwezi kuwaita wote wala rushwa. Ukikalia kiti cha kaunti isiyo na kiwanda halafu mtu anakuja na mamilioni, utasema hapana? Ila angalieni hesabu ilivyokaa: pesa iligawanywa kwa kaunti nzima, vumbi likagawanywa kwa waliokaa kando ya uzio.

Januari 2010 wamiliki wa dampo wa wakati ule waliomba mahakama kinga ya ufilisi, huku treni zikiendelea kuja. Baadaye dampo likachukuliwa na kampuni ya Green Group Holdings.

NENO MOJA LENYE THAMANI YA MABILIONI

Hapa nawaomba msiruke, ndio kiini. Chini ya sheria za Marekani taka zipo za aina mbili kubwa, taka hatari na taka za kawaida. Taka hatari zina masharti makali: zinafuatiliwa toka zinapotoka mpaka zinapofika, na serikali kuu inasimamia moja kwa moja. Taka za kawaida ni kazi ya majimbo. Baada ya Kingston, Juni 2010, EPA ilitoa mapendekezo mawili kwa pamoja: ama majivu yaingie kwenye kundi la taka hatari au yabaki ya kawaida. Ikafanya mikutano minane ya hadhara, maoni zaidi ya 450,000 yakamiminika. Makampuni ya umeme yalisema gharama zitatuua, na hakuna atakayenunua saruji yenye kitu kilichoitwa hatari. (Hoja hii ya saruji sio ya kijinga.) Wananchi walisema aseniki haiachi kuwa aseniki kwa sababu imeandikwa vingine.

Uamuzi ukatoka Desemba 2014: taka za kawaida. Ziliwekwa kanuni kweli, kama madampo mapya kuwa na plastiki, vipimo vya maji ya ardhini, na kampuni kuweka matokeo hadharani kwenye intaneti. Lakini mwanzoni msimamizi mkuu wa kanuni hizo alikuwa nani? Mwananchi mwenyewe! Ukiona kampuni imevunja, uende mahakamani. Sasa bibi wa Uniontown ana wakili?

Pamoja na hayo, lile sharti la kuanika matokeo lilifanya kazi kuliko wengi walivyotegemea. Namba zilipoanza kutoka mwaka 2018, mashirika ya Environmental Integrity Project na Earthjustice yalizikusanya, na Machi 2019 yakaripoti kwamba vituo 242 kati ya 265 vyenye takwimu vilikuwa na maji ya ardhini yaliyopita viwango vya usalama. Ni asilimia 91. Na namba ni za makampuni yenyewe, sio za wanaharakati. Kabla ya hapo, Agosti 2018, mahakama ya rufaa mjini Washington ilisema EPA ilikosea kuruhusu mabwawa yasiyo na plastiki yaendelee. Mwaka 2024 kanuni zikapanuliwa zifike hata kwenye vituo vilivyofungwa zamani, na Machi 2025 serikali ya Trump ikatangaza kuzipitia upya. Ndio siasa za kule, kila baada ya miaka minne msumari unang'olewa na kupigwa tena.

WALIPOSEMA, WALISHTAKIWA

Wakazi wa Uniontown walijaribu mlango mwingine. Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 inakataza taasisi inayopokea fedha za serikali kuu kubagua kwa rangi. Idara ya mazingira ya Alabama inapokea fedha hizo, na ndiyo iliyotoa leseni ya dampo kuendelea na kupanuka. Wakazi wakapeleka malalamiko EPA, ikakubali kuyachunguza mwaka 2013. Mwaka 2016 Tume ya Haki za Kiraia ya Marekani ilitoa ripoti ikieleza kwamba EPA, katika historia yake yote, ilikuwa haijawahi kutamka rasmi hata mara moja kwamba ubaguzi umetokea. Machi 2018 EPA ikayafunga malalamiko ya Uniontown ikisema ushahidi hautoshi.

Katikati ya hayo, Aprili 2016, wamiliki wa dampo waliwafungulia kesi ya kashfa wakazi wanne wa kikundi cha Black Belt Citizens Fighting for Health and Justice. Madai: dola milioni 30. Kosa lao ni mambo waliyoandika kuhusu dampo kwenye tovuti na Facebook. Dola milioni 30 kwa watu ambao wote wanne wakiuza kila walichonacho hawafiki hata robo ya milioni moja (hayo ni makadirio yangu, msininukuu). Wanasheria wa ACLU wakawatetea bure, na Februari 2017 kesi ikaisha kwa makubaliano. Lakini kwa miezi kumi kila mtu pale mjini alijifunza kufikiri mara mbili kabla ya kubonyeza kitufe cha kutuma. Sisi tunaoandika kwenye kurasa kama hizi tunaelewa vizuri.

NA WALIOYAZOA?

Kuna kundi ambalo hakuna dampo linaloweza kulisaidia. Usafishaji wa Kingston uliajiri watu zaidi ya 900, wengi wakifanya zamu ndefu kwenye vumbi. Baadhi walieleza mahakamani kwamba walinyimwa vinyago vya kuzuia vumbi, na kwamba waliambiwa majivu hayana neno, mtu anaweza kula ratili nzima kwa siku. Mwaka 2013 wakaishtaki Jacobs Engineering, kampuni iliyosimamia kazi kwa niaba ya TVA. Novemba 2018 baraza la wazee wa mahakama likaona kwamba kampuni ilishindwa kuwalinda, na kwamba hali ile ingeweza kusababisha magonjwa waliyoyataja, yakiwemo ya mapafu na saratani ya damu. Jacobs ilikana siku zote. Mwaka 2023 wakamalizana nje ya mahakama, miaka kumi baadaye, na kwa hesabu za upande wa wafanyakazi zaidi ya 50 walikuwa wameshafariki.

Tena jambo la Kingston halikuwa la mwisho. Tarehe 2 Februari 2014 bomba lilipasuka chini ya bwawa la Duke Energy huko Eden, North Carolina, tani 39,000 hivi za majivu zikaingia mto Dan. Mwaka 2015 kampuni za Duke zilikiri makosa mahakamani na kulipa dola milioni 102. Kisha jimbo likalazimisha mabwawa yafukuliwe, na mapatano ya mwisho wa 2019 yakahusu karibu tani milioni 80. Ushindi mkubwa! Lakini kabla ya mapatano hayo kaunti nyingine, Chatham na Lee, zilishasikia kwamba mashimo ya zamani ya udongo wa matofali kwao ndiyo yatakayopokea majivu ya wenzao. Wakapinga. Chatham ikapokea, machimbo ya Brickhaven, tani zaidi ya milioni 7. Lee ikaponea. Mnaona mchezo ulivyo? Kila bwawa linalofukuliwa ni dampo linalofunguliwa mlangoni kwa mtu.

KWETU JE

Msidhani ni mambo ya ughaibuni tu. Serikali ya Kenya na kampuni ya Amu Power walipanga kituo cha makaa ya mawe cha megawati 1,050 pale Kwasasi, Lamu, si mbali na Mji Mkongwe ulio kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001. Mpango ulikuwa na uwanja wake wa majivu, karibu na bahari ambayo wavuvi wanaitegemea, kwenye pwani yenye upepo wa kaskazi na kusi. Mkaazi wa Lamu hahitaji kuelezwa upepo unafanya nini na unga.

Watu wa Save Lamu na wenzao hawakusubiri tuta libomoke. NEMA ilitoa leseni Septemba 2016, wao wakaenda kwenye Baraza la Kitaifa la Mazingira, na tarehe 26 Juni 2019 baraza likaifuta leseni. Sababu kubwa: wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mikutano ilikuwa ya kutambulisha mradi tu, ilifanyika kabla ya utafiti wa athari kukamilika, kwa hiyo watu waliulizwa maoni kuhusu kitu ambacho hawajaelezwa. Kampuni ikakata rufaa. Benki ya Maendeleo ya Afrika ikajitoa, benki ya China ya ICBC nayo ikajitoa mwaka 2020, na Oktoba 2025 mahakama ya Malindi ikaitupa rufaa.

Kwa hiyo mdau, jibu lako: hawakatai majivu kwa sababu hawajui majivu. Wanauliza maswali ambayo na wewe ungeuliza kabla hujasaini: yametoka wapi, yana nini ndani, nani anapima maji yangu na matokeo nayaona wapi, na kampuni ikifilisika nani atabaki na plastiki hiyo.

Kama kuna mtu yupo Lamu au amewahi kufanya kazi machimbo ya kusini kwetu, Ngaka au Kiwira, atuandikie hapo chini tujifunze. Matusi nitafuta.